Ukiokota Gamba la Skalopu, Tazama Masikio Kwanza

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Buruburu alinitumia picha ya gamba aliloliokota Tiwi, akiniomba nithibitishe kwamba ni la skalopu, mnyama wa baharini mwenye gamba la pande mbili. Lilikuwa gamba zuri, jeupe, lenye matuta manene yanayotanuka hadi ukingoni, lakini lilikuwa la kombe wa kawaida, yule ambaye akina mama wa pwani humchimbua kwa kitoweo maji yanapokupwa. Wengi wetu tuliolelewa Nairobi tunahesabu matuta, tunaishia hapo.

Swali lake limenigusa kuliko anavyodhani. Miaka michache iliyopita, katika kikao cha wapenda magamba hapa mjini, mzee mmoja anayeheshimiwa aliligeuza gamba langu mara moja kiganjani, akatangaza mbele ya wote kwamba Kenya haina skalopu na kwamba nilichobeba ni chaza. Watu wakacheka. Hoja yake ilikuwa lile gamba la njano la vituo vya mafuta vya Shell, ambalo kweli linafanana na skalopu mkubwa wa Ulaya, Pecten maximus, na huyo haishi katika Bahari ya Hindi. Ila jamii ya skalopu, Pectinidae, ina mamia ya spishi, na miamba ya matumbawe ya Afrika Mashariki ina zake, akiwemo Gloripallium pallium mwenye mabaka ya zambarau na meupe.

Sikujibizana naye. Kikao kilichofuata nilikwenda na kioo cha kukuzia, nikamwomba atazame upande wa kulia wa gamba, chini ya sikio la mbele, yaani pembe bapa iliyo kwenye bawaba pande mbili zinapoungana, mahali palipo na pengo dogo. Ukingoni mwa pengo hilo kuna safu ya vijino vidogo sana kama vya kitana, na hapo ndipo hupita nyuzi ambazo skalopu hujifungia kwenye mwamba. Chaza hana vijino hivyo. Mzee alitazama kwa muda mrefu, akarudisha kioo, akauliza chai iko wapi. Radhi hajaniomba hadi leo.

Kwa hiyo anza na masikio, zile pembe mbili bapa, ambazo kwa skalopu wengi hazilingani ukubwa. Kombe wa kitoweo hana masikio, na bawaba yake ina mstari mnyoofu wa meno mengi madogo, ilhali ya skalopu haina meno makubwa bali kishimo cheusi cha pembetatu katikati. Ndani ya gamba la skalopu utaona alama moja kubwa ya msuli, si mbili. Ukikuta masikio pamoja na miiba na meno mawili mazito yanayoshikana, huyo ni Spondylus, si skalopu, na ndiye anayewadanganya hata wazoefu. Rangi usiitegemee, kwani spishi moja yaweza kuwa ya machungwa, nyekundu au zambarau, na jua la ufukweni hufifisha zote.

Kuhusu kutafuta, sina siri kubwa: nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, alfajiri maji yakishaanza kutoka, ufuate mstari wa mwani uliotupwa juu. Mara nyingi utapata upande mmoja tu wa gamba, kwa kuwa kano ya bawaba ikioza pande mbili huachana.

Na hapa nitasema kwa ukali kidogo, ndugu zangu wa safari za SGR. Watamu na Malindi zimekuwa hifadhi za bahari tangu 1968, na ndani ya hifadhi hizo hairuhusiwi kuondoka na gamba lolote, hata tupu, hata dogo, hata kama wenzako wamejaza mifuko. Magamba matupu huwa nyumba za kaa. Piga picha mbili, moja ya nje na moja ya ndani yenye bawaba, kisha ulirudishe. Picha hizo zinatosha kabisa kulitambua.