Mungu mdogo hujulikana kwa masharti yake

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kwa nini masimulizi ya mataifa mengi yana miungu wadogo, mizimu na vibete ilhali tayari yana mungu mkuu? Kwa neno moja, masharti. Mkuu hutajwa tu. Mdogo ndiye mwenye utaratibu wa kufuatwa. Kwa majirani zetu Warundi Imana, mungu mkuu, yumo hata kwenye majina ya watoto, kama Habonimana, lakini mtu akiugua au akikosa uzazi, aliyeitwa kwa ngoma na pombe ni Kiranga, yule yule ambaye Wanyarwanda humwita Ryangombe na Baswezi, chama cha ibada cha Unyamwezi, humwita Lyangombe. Mwindaji huyu aliuawa na nyati, kwa hiyo shida za watu hahitaji kuhadithiwa.

Tazama masharti yenyewe yalivyo. Warusi wana domovoi, mzee wa manyoya akaaye nyuma ya jiko kubwa la nyumba. Familia ikihama, bibi mkubwa huwasha jiko la zamani mara ya mwisho, adhuhuri anakomba makaa yote kwenye chungu safi, anakifunika kwa kitambaa cheupe, kisha anamkaribisha domovoi, akimwita babu, kwenye makao mapya. Huko hupokewa mlangoni kwa mkate na chumvi, makaa yanamwagwa kwenye jiko jipya, na chungu kinavunjwa na kufukiwa. Ukisahau kumwalika, anabaki akilia kwenye nyumba tupu, nawe jiko lako halina mwenyewe.

Zao Jun, mungu wa jiko wa Wachina, ni mkali zaidi, maana ni mtoa taarifa. Picha yake hubandikwa jikoni mwaka mzima, na tarehe 23 au 24 ya mwezi wa kumi na mbili wa kalenda yao hupanda mbinguni kueleza aliyoyaona. Kabla ya kuondoka hupakwa midomoni peremende ya kimea inayonata: wengine husema ni ili aseme matamu, wengine ili meno yagande asiseme kitu. Picha inachomwa apande na moshi, mpya inabandikwa mkesha wa mwaka. Hongo ya wazi kabisa, na hakuna anayeificha.

Vibete wa Skandinavia hawaombwi, wanaagizwa kazi. Katika maandishi ya Snorri Sturluson wa Iceland, ya miaka ya 1220 hivi, Loki, mungu mjanja, anaweka kichwa chake rehani kwa kibete Brokkr kwamba nduguye hawezi kufua vitu vitatu bora kama vile vya vibete wengine. Ndugu anatia ngozi ya nguruwe tanurini na kutoa sharti moja: mivukuto isisimame mpaka atakapokitoa kitu. Inzi anamuuma Brokkr mkononi. Hasimami, na anatoka nguruwe mwenye manyoya ya dhahabu. Inatiwa dhahabu, inzi anauma shingoni, inatoka pete Draupnir, ambayo kila usiku wa tisa hudondosha pete nane za uzito ule ule. Mara ya tatu ni chuma. Inzi anauma kope, damu inaingia machoni, Brokkr anaachia mvukuto mara moja tu ampunge inzi. Nyundo ya Thor, mungu wa radi, ikatoka na mpini mfupi. Wafua chuma wa kwetu wa zamani wangeliona kosa upesi: mivukuto yao ilikwenda jozi, mmoja ukivuta mwingine unasukuma, upepo usikatike.

Hata hivyo miungu waliamua nyundo ndiyo bora. Brokkr akadai kichwa. Loki akajibu kwamba ameahidi kichwa, si shingo. Basi kibete akamshona midomo. Hata mkataba wao ulikwenda kwa herufi ya sharti.

Neno moja kwa watafsiri: vibete hawa msiwaite mbilikimo. Mbilikimo kwetu ni watu, majirani wa ng'ambo ya ziwa kule Kongo, wenye kura zao. Na maandiko ya kale ya Skandinavia hayasisitizi hata kidogo kwamba viumbe wale walikuwa wafupi. Yanachosisitiza ni ufundi wao na kwamba hukaa ndani ya mwamba. Mmoja wao, Alvíss, alishikwa na maswali ya Thor mpaka jua, adui wa vibete, likachomoza, na hapo ndipo mambo yake yalipoishia.

Msomaji, Kigoma