Barua kwa mwanangu: kuhusu padri aliyekataa supu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara mbili. Unauliza inakuwaje nimsifu Padri Joseph Wresinski kuwa aliyatoa maisha yake kwa maskini, ilhali umesoma kwamba alipohamia kambini kwao aliwazuia wafadhili kugawa supu. Ni swali la haki. Mimi pia, nilipoisikia habari hiyo mara ya kwanza, niliona ni ukatili.

Nilianza kumwelewa nilipoujua utoto wake. Alizaliwa mwaka 1917 mjini Angers, Ufaransa, na wazazi wahamiaji, baba Mpolandi na mama Mhispania, katika nyumba iliyokuwa na njaa na ugomvi. Hata miaka mitano alikuwa hajatimiza alipoanza kuamka alfajiri kwenda kutumikia misa kwa masista, kwa sababu misa ikiisha alipewa kahawa na mkate, na kila juma faranga mbili za kumpelekea mama yake. Kwa hiyo usidhani alikuwa mtu aliyeshiba akiwahubiria wenye njaa. Alijua thamani ya kipande cha mkate, na alijua pia jinsi mpokeaji anavyojifunza kuinamisha macho.

Alipata upadri mwaka 1946, na Julai 1956 akaenda kuishi Noisy-le-Grand, karibu na Paris, ambako familia zaidi ya 250 zisizo na makazi zilikuwa zimewekwa katika vibanda vya saruji vyenye umbo la pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa kifudifudi. Wakati wa mvua, matope yalijaa hadi mlangoni. Watu wa nje walikuja na sufuria na mafurushi ya nguo kuukuu, wakagawa, wakaondoka, na aliyepokea hakuulizwa neno lolote. Hilo ndilo alilolizuia, mwanangu. Mahali pake akaweka maktaba, shule ya chekechea, hata saluni ya akina mama (jambo ambalo wengi waliliona ni anasa, nami naliona ni heshima kubwa), pamoja na kanisa dogo ambalo vioo vyake vya rangi vilibuniwa na Jean Bazaine, mchoraji mwenye jina. Mwaka 1957 akaanzisha chama pamoja na familia zenyewe, zikiwa wanachama, na chama hicho ndicho kilichokuja kuitwa ATD Dunia ya Nne, shirika linalopambana na ufukara.

Tarehe 17 Oktoba 1987, mbele ya umati mkubwa uliokusanyika Trocadéro, Paris, alizindua jiwe lenye maandishi yanayosema kwamba popote watu wanapohukumiwa kuishi katika ufukara, haki za binadamu zinavunjwa. Aliandika haki, hakuandika huruma. Alifariki Februari 1988, na mwaka 1992 Umoja wa Mataifa ukaifanya tarehe ile ya 17 Oktoba kuwa siku ya kimataifa ya kutokomeza umaskini.

Unaniuliza pia kama uache kugawa chakula na wenzako kila Jumamosi. La, usiache, maana mwenye njaa leo hawezi kusubiri. Lakini Jumamosi ijayo, ukishaweka upawa chini, keti na mmoja wao, mwulize angependa kazi hiyo ifanywe vipi, kisha uniandikie alivyokujibu.

Mzazi wako akupendaye.