Jibu: Grafu ya mwangaza inatosha kujua umbo na mzunguko wa Envisat?

Mkuu, umeuliza kama grafu ya mwangaza pekee (mchoro wa jinsi mwangaza unavyobadilika kadiri muda unavyopita) inaweza kukupa umbo la Envisat, satelaiti ya Ulaya iliyokufa, na jinsi inavyojizungusha. Mzunguko, ndiyo. Umbo, kwa sehemu tu.

Kwanza sahihisha umbali: kwenye kila kipimo cha magnitudi (kipimo cha mwangaza) toa 5 log10(d/1000), d ikiwa umbali hadi kwenye satelaiti kwa kilomita. Ukiruka hapo, satelaiti inayokusogelea itaongezeka mwangaza, nawe utadhani imegeuka. Muda wa kila fremu (picha moja ya kamera) uchukue kwenye GPS.

Panapokosewa zaidi ni kuhesabu vilele vya grafu. Mwili wa kisanduku unaweza kutoa vilele viwili au vinne kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo nafasi kati ya vilele si lazima iwe kipindi chenyewe. Envisat ilikatika mawasiliano Aprili 2012. Vipimo vya leza vya 2013 vilionyesha mzunguko wa takriban sekunde 135. Pito moja la satelaiti angani kwako, la dakika 10, linakupa mizunguko minne na kidogo, haitoshi kabisa! Unganisha mapito ya siku mbalimbali.

Mimweko mifupi mikali ithamini sana. Sekunde hiyo uso bapa unaelekea katikati kamili ya pembe kati ya Jua na wewe, na mimweko kadhaa kutoka pande tofauti inakusaidia kuukadiria mhimili wa mzunguko.

Kuhusu umbo, uso mdogo unaoakisi sana na mkubwa uliofifia hutoa mwangaza uleule. Hapo inahitajika picha ya rada, kama za TIRA, rada ya Ujerumani.