Paka wangu na mchuzi wa jana

Chausiku tulimwokota soko la Majengo akiwa kitoto, na kwa miaka miwili chakula chake kilikuwa kinachobaki: ugali wa jana uliorowekwa mchuzi wa nyama. Mchuzi wetu lazima uwe na vitunguu vya Singida, vitatu vikubwa, na saumu ya kutosha. Nilijiona namlea vizuri.

Akaanza kulala mchana kutwa. Siku ya tatu akakojoa pale mlangoni, mkojo kama chai ya rangi. Nikajua kala sumu ya panya. Daktari wa mifugo akamfunua mdomo kwa kidole gumba, akanionesha fizi: nyeupe. Akauliza, "Mnampa nini?"

Nilipotaja mchuzi, akatikisa kichwa. Vitunguu maji, saumu, hata majani yake, vinaharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Kupika hakuondoi sumu, na viungo vya pakiti vyenye unga wa vitunguu ni vibaya vilevile. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito zinaweza kutosha kudhuru. Chausiku ana kilo 3, kwa hiyo gramu 15: kipande tu. Kuviokota vipande hakusaidii, sumu imeshaingia kwenye supu. Na dalili huja baada ya siku kadhaa, wakati hata hukumbuki mlipika nini.

Zabibu, fahari yetu Dodoma, zinajulikana zaidi kwa kuharibu figo za mbwa, lakini paka naye usimpe. Chokoleti hapana. Maziwa hayaui, ila paka wengi wakubwa huharisha. Mimi nimeyaacha, nachoka kufagia. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Na ingawa si chakula, msimpe kabisa parasetamoli "ya homa": kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Siku hizi kabla ya kutia kitunguu natenga vipande viwili vya nyama iliyochemshwa. Nisipopika nyama, nachemsha dagaa, namwaga maji yale ya chumvi, nampa.

Mama alipokuja kutoka Kondoa alicheka sana. "Mwanangu, paka wa kijijini wanakula kila kitu na hawafi."

"Mama, wakifa nani anawahesabu?"

Akanyamaza kidogo, akaniomba kisu amkatie Chausiku nyama.