Pima Ubao Kabla ya Kupima Ukuta: Kwa Wanagenzi Wanaojenga Karakana Nyumbani

Wanagenzi wangu, wawe wa Umoja, Ruiru au Rongai, huniletea mchoro ule ule wa gereji wanayotaka kuigeuza karakana ya useremala: mstatili wa futi 10 kwa 20, mashine zimebanwa ukutani pande zote, na katikati pameachwa patupu. Swali nalo huwa lile lile, kwamba je, msumeno wa meza utatosha? Msumeno utatosha bila shaka, kwa kuwa hata gari lilikuwa likitosha. Kisichotosha ni ubao unaoingia kwenye msumeno huo na kutokea upande wa pili, na ubao huo ndio unaopaswa kuchorwa kwanza. Nimelisema jambo hili mara nyingi kwa mdomo, na bado ninaona mawe ya kujengea kuta yakishushwa uani kabla ya hesabu kufanywa, kwa hiyo leo ninaliandika.

1. Anza na bodi nzima. Bodi tunazonunua, ziwe plaiwudi, MDF au blokbodi, huja zikiwa futi 8 kwa 4. Ukitaka kuipasua bodi hiyo kwa urefu, unahitaji futi 8 mbele ya meno ya msumeno na nyingine 8 nyuma yake, pamoja na futi 2 za kusimama wewe mwenyewe, yaani futi 18. Gereji ya futi 20 inaikubali hesabu hii, mradi msumeno ukae katikati ya urefu na pasiwe na kitu kinachokatiza njia. Ikiwa gereji yako ni fupi, uelekeze msumeno mlangoni ili ubao mrefu utokee nje. Upana wa futi 10 hautakuruhusu kuipasua bodi kwa kukingama gereji, kwa hiyo ukiuelekeza msumeno hivyo, bodi nzima ikatwe kwanza sakafuni kwa msumeno wa mkono wa umeme, ndipo vipande vipelekwe mezani.

2. Dari ni sehemu ya ukubwa. Bodi iliyosimama kwa upande wake mrefu, ukiizungusha ili isimame kwa upande mfupi, pembe yake hupanda hadi karibu futi 9 kabla ya kutulia kwenye futi 8. Dari ya futi 8 na nusu itagongwa kila siku. Usipoweza kuinua paa, usipige dari; acha kenchi, yaani fremu ya paa, wazi.

3. Kuta za kugawanya ndani. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu kosa ninaloliona kwenye michoro yenu nililifanya mimi katika karakana ya mtu aliyeniamini.

Mzee mmoja, seremala aliyenitangulia katika kazi hii, aliniomba nimpangie gereji yake. Nilijua kwamba vumbi na vanishi havikai chumba kimoja, na hilo ni kweli hadi leo, kwa hiyo nilipiga mstari wa chaki sakafuni futi 7 kutoka ukuta wa nyuma, nikamwambia mwashi apandishe ukuta wa mawe ya kuchongwa ya Ndarugu, ya inchi 6, apige plasta pande zote mbili, na aache mlango wa futi 2 na nusu. Ukuta ulinyooka vizuri. Mzee akaufurahia, nami nikaondoka nikiamini kwamba nimemfanyia kazi safi.

Oda yake ya kwanza ilikuwa kabati la nguo. Alipoingiza bodi nzima msumenoni, pua ya bodi ilifika kwenye plasta huku futi 2 zikiwa bado hazijapasuliwa, ikamlazimu azime mota, airudishe bodi nyuma polepole, aigeuze na kuanza upande wa pili, na mahali mikato miwili ilipokutana pakabaki ngazi iliyohitaji kurandwa. Tukausogeza msumeno karibu na mlango. Njia ikapatikana, lakini sasa Mzee alisimama nje uani kila alipopasua, na mvua za Machi zilikuwa zinakaribia. Kabati lenyewe lilipokamilika, likiwa na kimo cha futi 7 na kina cha futi 2, halikuweza kupinda kuingia chumba cha vanishi, kwa maana mbele ya ule mlango mwembamba hapakubaki nafasi ya kuligeuza. Likapakwa vanishi palepale kando ya msumeno, katika vumbi ambalo ukuta ulijengwa ulizuie. Niliporudi kumtembelea, niliona kwenye plasta, usawa wa kiuno, safu ya mabonde madogo, kila moja ni alama ya pembe ya ubao uliokosa pa kwenda. Mzee hakunilaumu. Aliniambia tu, "Mwanangu, huu ukuta tuubomoe kabla mvua haijaanza." Tuliubomoa, vumbi la mawe likaingia kwenye mashine licha ya kuzifunika, na gharama ya ukuta ikalipwa mara ya pili kwa kuuondoa.

Mahali pake tuliweka fremu ya mbao za inchi 3 kwa 2, tukaivika plaiwudi ya milimita 9 kwa skrubu ili kila kipande kiweze kufunguliwa, na kwenye uwazi wa futi 5 tukatundika turubai zito. Dirisha la upande huo hubaki wazi anapopaka, kwa sababu mvuke wa thina hushika moto, na swichi yoyote inayotoa cheche haikubaliki humo. Kwa hiyo, kabla ya kumwita mwashi, weka mbao sakafuni mahali pa ukuta unaoutaka, chukueni bodi nzima wawili, mpite nayo kutoka mlangoni hadi msumenoni, na kutoka hapo hadi benchi.

4. Kuvika kuta. Jipsamu ni ya sebuleni; skrubu yenye mzigo huilegeza. Funga vipande vya mbao kwenye jiwe lenyewe, si kwenye kiungo cha saruji, kisha uvike plaiwudi ya milimita 12 au 18, ambayo itabeba makabati na jiliwa, kile kifaa cha kubania mbao, popote utakapotaka. Ipake rangi nyeupe.

5. Nyaya zipite ndani ya paipu zilizo juu ya ukuta, usizizike kwenye plasta, kwa kuwa mashine zitahamishwa. Soketi ziwe futi 4 na nusu kutoka sakafuni, ili bodi iliyoegemezwa ukutani kwa upande mrefu isizifunike. Soketi ya ampea 13 kwenye volti 240 hubeba takriban wati 3,000, kwa hiyo msumeno na kifyonza vumbi visigawane laini moja. Jueni pia kwamba mota nyingi hukadiriwa nguvu zake kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, nasi Nairobi tuko karibu mita 1,700, ambako hewa nyepesi huipoza mota kwa udhaifu, kwa hiyo usiibane ukutani.

6. Wanaojenga kwenye udongo mweusi wa Embakasi au South C waimarishe sakafu kabla ya kufikiria kuta, maana udongo huo huvimba mvua ikinyesha na mashine nzito hupoteza usawa.

7. Kifyonza vumbi kiwekwe nje, chini ya kibanda kidogo, bomba lake likipenya ukutani. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani mwaka 1995, kwa hiyo msinunue randa ya pili kabla ya kifaa hiki. Kukitoa nje kunawarudishia pia nafasi ya sakafu, lakini kelele zake nazo hutoka nje. Kibanda kiwe upande usiopakana na vyumba vya kulala vya jirani, kwa sababu kanuni za kelele za mwaka 2009 za NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, zinahusu makazi pia, na jirani ana haki ya kulalamika.