Asante ya Kumasi si asante ya kwetu: majina ya mikoa ya Ghana

SWALI: Mhariri, habari za kazi. Nafundisha jiografia sekondari, huku Morogoro. Ramani ya Ghana iliyo ukutani darasani ina mikoa 10, ila mwanafunzi mmoja kaja na ramani mpya yenye 16. Kabla sijamjibu, wenzake wakaongeza mawili: mbona mkoa unaoitwa Central, yaani wa Kati, uko pwani? Na je, hawa Waasante ndio waliotupa neno "asante"? Nisaidie, na unieleze majina haya tuyaandikeje kwa Kiswahili.

JIBU: Nzuri, Mwalimu. Nianze na asante, maana najua ndiyo wanayoisubiri.

Hawahusiani. Asante yetu imetoka kwenye Kiarabu, *ahsanta*, "umefanya vyema", na wako wanaoitamka na kuiandika kwa h yake mpaka leo. Tumeimiliki kiasi cha kuipachika -ni ya wingi: asanteni. Asante ya Ghana ni jina la watu na la dola yao, katika Kitwi, ambacho ni tawi la Kiakan. Tena mtu wa Kumasi, mji mkuu wa Waasante, akikushukuru hasemi asante, anasema *medaase*. Sisi tunaohariri majina ya ramani tunajifunza hili mapema: maneno mawili kufanana sura si undugu, mpaka uonyeshwe njia ambayo neno lilisafiria. Neno letu njia yake ni bahari, kutoka Uarabuni. Halikupita Kumasi.

Lakini hiyo *medaase* usiiache ipite. *Me* ni mimi, *da* ni kulala, *ase* ni chini ya kitu, pale penye shina. Kama vile mtu anasema "nalala chini yako", jambo ambalo anayejua asili ya shikamoo hatashangaa kulisikia. Sasa iweke *ase* hiyo kwenye ramani: Kumase, ambayo Waingereza waliiandika Kumasi, ni "chini ya mti wa kum". Masimulizi yanasema kuwa mwishoni mwa karne ya 17 Okomfo Anokye, kuhani wa mfalme Osei Tutu, alipanda miche ya kum mahali tofauti, ili utakapostawi ndipo pawe makao makuu. Mmoja ukashika. Mwingine ukakauka, na mahali pale pakaitwa Kumawu, maana *awu* ni "umekufa". Miji yote miwili ipo, ndani ya Mkoa wa Ashanti. Siwezi kuapa kwamba Anokye alishika jembe, ila sarufi ya majina hayo haina pa kulazimisha, na mji mmoja unaueleza mwingine. Masimulizi ya namna hiyo nayapa uzito.

Jina Asante lenyewe halijatulia hivyo. Maelezo utakayoyakuta kila mahali ni *esa nti*, "kwa sababu ya vita", yakihusishwa na muungano uliowashinda majirani zao waliokuwa wakiwatawala, Wadenkyira, mwaka 1701. Wengine hulitoa kwenye *asan*, udongo mwekundu ambao inasemekana walikuwa wakiuchimba na kuupeleka kwa hao hao Wadenkyira kama ushuru. Maelezo ya kwanza yanapendeza mno, nami jina likipendeza mno huanza kulitilia shaka: ni nadra taifa kujiita "kwa sababu ya". Kwenye faharasa ninazohariri, yote mawili huyatangulizia neno "masimulizi". Hiyo *sh* ya Ashanti ni ya kalamu za wageni. Thomas Bowdich, aliyefika Kumasi mwaka 1817, aliandika Ashantee katika kitabu chake cha 1819. Serikali ya Ghana bado inaandika Ashanti kwa jina la mkoa, ingawa wenyewe hujiita Asante.

Haya, Central. Chukua ramani yako, weka kidole pwani, kisha fikiria kuwa wewe ni karani wa Kiingereza na dunia yako inaishia msituni. Koloni la Gold Coast lilianza kama ukanda wa pwani, nao ukagawanywa kuwa majimbo matatu: la Magharibi, la Kati na la Mashariki. La Kati lilikuwa kati ya ukanda ule, ndiyo maana hata leo makao makuu ya mkoa ni Cape Coast, mji wa bandari. (Hilo nalo ni jina la kuchekesha. Wareno waliita rasi ile Cabo Corso, masikio ya Kiingereza yakasikia Cape Coast, kana kwamba mtu kaita mahali "Rasi Pwani". Wenyeji wanaiita Oguaa.) Ashanti na maeneo ya kaskazini yalitwaliwa rasmi mwaka 1902. Nchi ikarefuka kwenda juu, jina likabaki palepale.

Kaskazini mchezo uliendelea. Mwaka 1960 sehemu ya mwisho kabisa ilikatwa kutoka Northern ikaitwa Upper, na mwaka 1983 hiyo Upper ikagawanywa kuwa Upper East na Upper West. Kisha ikaja kura ya maoni ya tarehe 27 Desemba 2018, na mwaka 2019 Northern ikakatwa tena, ikatoka North East na Savannah. Kwa hiyo North East iko kusini ya Upper East, na Northern si mkoa wa kaskazini kabisa tena. Mwanafunzi akikosea hapo, usimnyime maksi zote.

Kura hiyohiyo ndiyo inayoeleza tofauti ya 10 na 16. Western ilizaa Western North. Volta ilizaa Oti. Brong-Ahafo, iliyoundwa mwaka 1959, ilivunjwa ikawa Bono, Bono East na Ahafo. Hapo tahajia nayo ilirekebishwa, kwa kuwa "Brong" ilikuwa namna ya wageni ya kuandika Bono.

Oti ni mto, tawi la Volta. Volta ni neno la Kireno lenye maana ya kugeuka au kurudi. Ama kwa sababu mto unapindapinda, ama kwa sababu merikebu ziligeuzia hapo kurudi kwao. Waakan wanauita Firaw na Waewe wanauita Amu. Jirani yao wa kaskazini, iliyokuwa Upper Volta, alilitupa jina hilo mwaka 1984 akawa Burkina Faso. Ghana ililibakiza, na bwawa la Akosombo lilipokamilika mwaka 1965 ikaliongezea ziwa. Savannah ni neno lililosafiri zaidi ya yote: Wahispania walilichukua kwa Wataino wa visiwa vya Karibi. Greater Accra imebeba jina la mji, nalo hutolewa kwenye *nkran* ya Kiakan, yaani siafu, kwa jinsi watu wa pale walivyokuwa wengi.

Kuhusu kuandika, ushauri wangu ni huu. Majina ya watu, mito na miji yaache kama yalivyo: Mkoa wa Ashanti, wa Bono, wa Oti, wa Volta. Majina ya dira yatafsiri ukiwa unaeleza kwa mdomo, lakini kwenye ramani liandike jina rasmi. Nimewahi kuona kazi iliyoandika "Mashariki ya Juu", na wanafunzi wakaanza kutafuta milima. Upper hapo ni upande wa juu wa ramani tu.

Ramani yako ya ukutani haina haja ya kutupwa. Futa jina la Brong-Ahafo, igawe mara tatu, Ahafo ikae kusini-magharibi, upande wa Goaso. Northern nayo igawe mara tatu: Savannah upande wa Damongo, North East upande wa Nalerigu, kilichobaki na Tamale kiendelee kuitwa Northern. Volta ikate sehemu ya kaskazini yenye Dambai, na Western vilevile, kule Sefwi Wiawso. Tumia penseli, Mwalimu. Tangu uhuru wa 1957 hawa jamaa wameshachora mipaka hiyo upya mara kadhaa.