Kupima oksijeni kwenye ngozi ya mzee: kwako unayeanza kazi kitengo cha vidonda

Wiki yako ya kwanza tu utaletewa mzee mwenye kisukari, mguu umefungwa bandeji, na daktari wa upasuaji anasubiri namba kutoka kwako. Namba hiyo itamsaidia kuamua akate wapi, au asikate kabisa. Kubandika elektrodi utafundishwa asubuhi moja ukaweza. Kuijua ngozi ya mzee huchukua muda, na mimi sehemu ya somo hilo nililipata kwa kumuumiza mtu, ndiyo maana nakuandikia.

Kwanza ujue unapima nini. Ile klipu ya kidoleni hutumia mwanga kuangalia damu ya kwenye mishipa imebeba oksijeni kiasi gani. Hii mashine yetu ya kubandika hupima oksijeni iliyofika kwenye ngozi yenyewe, tena bila kumtoboa mtu. Ndani yake mna elektrodi ya aina aliyoitangaza Leland Clark wa Marekani mwaka 1956: platini, fedha, tone la maji ya chumvi, na utando mwembamba unaopitisha gesi. Miaka ya 1970 madaktari wawili wa Marburg, Ujerumani, Renate Huch na mumewe Albert, wakaitia joto ili wapime watoto wachanga. Bila joto, ngozi ya mtu mzima hukupa namba ya karibu na sifuri, kwa sababu oksijeni inayotoka kwenye damu huliwa na ngozi kabla haijafika juu. Ukiipasha hadi nyuzi 44, mishipa midogo hutanuka, damu hujaa, na tabaka la juu hulegea likapitisha gesi.

Sasa njoo kwa mzee. Ngozi ya kijana ukiitazama kwa hadubini, mpaka kati ya tabaka la nje na la ndani umejikunja kama mawimbi, na kila wimbi lina kitanzi chake cha mshipa mwembamba wa damu. Umri ukisogea, mawimbi yale hulala na vitanzi vingi hupotea. Kwa hiyo oksijeni inayopanda ni kidogo, na namba huchelewa kutulia. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalifikirii: damu inayopita ndiyo inayoondoa joto. Pale ambapo damu ni chache, joto la elektrodi hubaki palepale likaunguza.

Hapo ndipo nilipokosea. Alikuwa mzee mmoja, fundi seremala mstaafu, miguu ina ganzi ya kisukari. Nilimwekea elektrodi juu ya ugoko kwa nyuzi 45, nikaitwa chumba cha pili, nikakaa huko. Niliporudi hakuwa amelalamika hata kidogo, angelalamikaje na hasikii? Nilipobandua nikakuta duara jeupe lenye maji, ukubwa wa sarafu. Kidonda kile kilichukua zaidi ya miezi miwili kufunga, kwenye mguu ambao tayari ulikuwa na kidonda kingine. Tangu siku hiyo kwa wazee wenye ngozi nyembamba sipandi juu ya 44, naweka saa mbele yangu, na chumbani sitoki. Akikuita mtu, mwambie asubiri.

Maandalizi yasikuchoshe, kwani kazi kubwa iko huko. Watu wetu hupaka mafuta. Bibi anakuja hospitali amejipaka mafuta ya nazi au vaselini mpaka visigino, ni heshima yake na amefanya vizuri. Lakini gundi ya kile kipete kinachoshikilia elektrodi kwenye ngozi haishiki juu ya mafuta. Hewa ikiingia hata kwa upenyo mdogo, mashine itapima hewa ya chumbani. Niliwahi kusoma milimita 148 za zebaki, ndicho kipimo chetu cha kanieneo la oksijeni, kwenye mguu ulioanza kuoza! Namba kama hiyo usiifurahie, bandua uanze upya. Futa kwa spiriti, kausha, nyoa malaika kama yapo, kisha gusa ngozi kwa plasta laini uondoe seli zilizokufa. Gusa tu, usivute kwa nguvu, maana ngozi ya mzee hutoka na plasta. Kaa mbali na mfupa, kano na mshipa mkubwa unaoonekana. Mguu uliovimba maji au wenye maambukizi utakupa namba ya chini hata kama mishipa mikubwa ni mizima, kwa hiyo uvimbe uuandike.

Na chumba chako kikoje? Huku Dar mgonjwa anatoka kwenye jua anaingia kwenye kiyoyozi cha nyuzi 18. Kuna bibi mmoja simsahau. Nilimwamkia, akaitikia marahaba huku meno yakigongana. Nikapima haraka kwa sababu foleni ilikuwa ndefu: milimita 19 za zebaki upande wa juu wa wayo. Chini ya 30 tunahofia kidonda hakitapona, na 19 ni habari mbaya kabisa. Nilianza kuandika, kisha nikamshika vidole vya mguu, vilikuwa baridi kama samaki wa barafu. Nikazima kiyoyozi, nikamfunika kwa kanga yake mwenyewe na blanketi, akalala chali nusu saa tukizungumza habari za wajukuu. Nikarudia, nikasubiri dakika 20 kamili bila kugusa kitu. Ikasoma 38. Mguu uleule, bibi yuleyule, asubuhi ileile. Nilimpelekea daktari namba zote mbili na maelezo yake.

Usipime mguu peke yake. Elektrodi ya pili iweke kifuani, chini kidogo ya mtulinga. Mguu ukiwa 36 na kifua 65, tatizo liko kwenye mishipa ya mguu. Mguu ukiwa 36 na kifua 42, mtazame mapafu na moyo kwanza, maana hata huko juu oksijeni haitoshi. Kwa wazee jambo hili ni muhimu mno, kwani oksijeni ya kwenye damu yenyewe hushuka kadiri umri unavyokwenda.

Kama utahamishiwa Nairobi au Arusha, usibebe namba za pwani kichwani. Oksijeni ya hewa ya Dar ina kanieneo la karibu milimita 159 za zebaki. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, ni karibu 130. Sawazisha mashine kwa kanieneo la hewa la pale ulipo.

Kuhusu klipu ya kidoleni, usiiamini kupita kiasi kwa ngozi zetu. Mwaka 2020 watafiti wa Michigan, Marekani, walionyesha kwamba kwa wagonjwa weusi klipu iliacha kuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa weupe. Mwanga hupita kwenye rangi ya ngozi, na rangi inaupotosha. Piko nyeusi kwenye kucha za bibi zetu nayo inaweza kuuzuia, basi tafuta kidole kisichopakwa au sikio. Elektrodi yetu haitumii mwanga, na kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuitunza: badilisha utando kwa wakati, na maji yake yasikauke.

Ukibandua, duara jekundu litabaki. Mwonyeshe mgonjwa na aliyemsindikiza, waambie kwa kawaida litafifia ndani ya siku moja, na kama litatoa lengelenge warudi kesho yake bila kupanga foleni. Hakikisha mtu wa mapokezi naye analijua hilo, asije akawarudisha nyumbani.